Mvua ya kwanza na moshi wa mji wetu

Mwaka mmoja, mvua ya kwanza ya Oktoba ilipokwisha kunyesha, mama mmoja wa mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, alitujia akichukua chupa ya maji. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Alikuwa ameyakinga chini ya bati la nyumba yake.

"Baba," alituambia, "maji haya nimeyaacha yatulie usiku kucha. Vumbi limezama chini, nami nimelitenga. Lakini rangi haiondoki, na ukiyanusa wasikia moshi. Bomba letu halijatoa maji tangu siku tatu, na mtoto wangu mdogo anakohoa tangu Agosti. Je, nimpe maji haya anywe? Na kitu hiki kinachoyatia rangi ni kitu gani?"

Swali la kwanza tulilijibu papo hapo: "La, Mama, usimpe. Yafulie nguo nzito, au yamwagie maua." Swali la pili halijibiwi kwa neno moja mlangoni. Tulimwomba atuachie chupa yake, tukaahidi kulieleza jambo hili katika ukurasa huu, maana si yeye peke yake anayekinga maji ya bati, wala si mtoto wake peke yake anayekohoa wakati wa kiangazi.

Jina zuri la mtaa

Bel-Air ni maneno ya Kifaransa, na maana yake ni hewa nzuri. Mtaa huo umo katika komini ya Kampemba, ambayo ndani yake mna pia eneo la viwanda. Atembeaye huko jioni ya Julai au Agosti, jua likiisha kuzama, huona utando wa kijivu umelala juu ya mabati. Mbele ya kila nyumba mbabula inawaka. Huku mtu anachoma majani aliyoyafagia, kule takataka zinafuka polepole kandokando ya mfereji. Usiku wa kiangazi hewa iliyo karibu na ardhi hupoa upesi, na ile ya juu hubaki na joto kidogo. Basi moshi haupandi, hukaa chini kama mtu aliyefungiwa mlango. Asubuhi jua likipasha ardhi joto, utando hufumuka, nasi twasema: moshi umekwisha.

Je, umekwisha kweli? Hilo ndilo neno tunalotaka kulichunguza leo.

Wazee wa Lubumbashi wakisikia habari za moshi hukumbuka kwanza lile dohani kubwa la tanuru la shaba. Tanuru hilo lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mji ukiwa bado mchanga na ukiitwa Élisabethville. Dohani lake, lenye urefu wa meta zaidi ya 150, pamoja na mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio karibu nalo, yamekuwa alama ya mji. Kwa muda wa miaka 80 hivi, gesi ya kiberiti na vumbi la madini vilitoka humo, na upepo wa kusini-mashariki ukavipeleka upande wa kaskazini-magharibi. Miti ya upande huo ilikufa, na udongo ukabaki uchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tanuru lile la zamani liliacha kazi. Madini yaliyoanguka hayakuondoka udongoni. Lakini watu wengi, kwa kuona dohani halifuki tena, walidhani kwamba habari ya moshi wa mji imefika mwisho.

Sivyo. Moshi wa leo hauna dohani moja la kuonyeshwa kwa kidole. Watoka katika maelfu ya mbabula, katika moto wa porini, katika matanuru ya makaa, katika magari na katika takataka. Na sehemu yake kubwa ina tabia moja ambayo watu hawaifikirii: huyeyuka katika maji.

Akina mama wamekwisha kuijua habari hii

Yeye aoshaye sufuria ameifanya kazi ya wataalamu bila kujua. Chukueni sufuria iliyopikiwa kwa kuni, mwimwagie maji ya moto upande wa nje. Kwanza yatatiririka maji ya rangi ya kahawia. Kitu hicho kimekubali maji, kimeyeyuka ndani yake kama sukari au chumvi. Halafu hubaki masizi meusi ambayo maji peke yake hayayawezi. Sharti mtie sabuni, au myasugue kwa mchanga.

Basi chembe za moshi zina sehemu hizo mbili. Masizi ni kaboni ngumu isiyokubali maji. Ile ya kahawia ni mkusanyiko wa vitu vingi vya asili ya miti na majani ambavyo moto umevivunjavunja bila kuviteketeza kabisa, navyo huyeyuka. Moto wenye nguvu na hewa nyingi hutoa moshi kidogo. Moto unaofuka, wa kuni mbichi au majani mabichi, hutoa sana ile sehemu ya kahawia.

Chembe hizi hatuzioni moja moja. Unywele wa mtu una unene wa mikrometa 50 mpaka 70 hivi, na mikrometa 1,000 ndizo milimeta moja. Chembe za moshi tunazozisema hazifiki mikrometa 2.5. Ziwe 20 au zaidi zimepangwa mstari mmoja, ndipo zitaweza kufikia unene wa unywele. Kwa udogo huo haziwahi kuanguka chini upesi kama vumbi la njiani; huelea siku nyingi na kusafiri mbali.

Wataalamu wakitaka kuzijua hufanya hivi. Huweka pampu inayovuta hewa mchana na usiku, ikipita katika karatasi nyeupe ya nyuzi nyembamba sana. Karatasi hiyo huzikamata chembe, nayo hubadilika kuwa ya kijivu au ya kahawia. Kisha hukata kipande chake, hukitia katika maji safi kabisa, hukitikisa, huchuja. Yaliyobaki katika karatasi ndiyo masizi na vumbi. Yaliyomo majini ndiyo yale yaliyoyeyuka. Maji hayo hupitishwa katika vyombo vinavyotenga kitu kimoja na kingine, mpaka kila kimoja kijulikane jina lake na uzito wake. Tazameni: kazi yao ni ile ile ya kuosha sufuria, ila wao wanapima.

Yaliyopatikana majini

Katika miezi ya Agosti na Septemba ya mwaka 2000, wataalamu wa mataifa mengi walishirikiana katika uchunguzi mkubwa wa hewa ya kusini mwa Afrika, ulioitwa SAFARI 2000. Ndege ya Chuo Kikuu cha Washington, cha Marekani, iliruka ndani ya moshi wa moto wa nyika na ndani ya ukungu wa moshi uliokwisha kuzeeka angani, ikakusanya chembe. Habari zake zilichapishwa mwaka 2003. Katika maji ya karatasi zile walitambua na kupima vitu 22: sukari za aina 7, tindikali za asili ya mimea za aina 7, madini 5, na vitu 3 vya jamii ya chumvi. Kwa wastani, vitu hivyo 22 vilikuwa asilimia 27 ya uzito wa chembe za moshi mpya, na asilimia 36 ya uzito wa chembe za ukungu.

Pengine msomaji atashangaa: sukari ndani ya moshi? Ndiyo. Ukuni umejengwa kwa selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari iliyofungamana. Moto ukipita digrii 300 hivi, mnyororo huo hukatika vipande, na kipande kimoja kinachopatikana kwa wingi huitwa levoglukosani. Petroli na dizeli hazina selulosi, kwa hiyo moshi wa gari hauitoi. Levoglukosani ikionekana katika karatasi, twajua hakika kwamba kuni, nyasi au majani yamechomwa mahali fulani. Yenyewe si sumu ya kuogopwa sana. Kazi yake ni ya shahidi: yasema nani amepita hapo.

Shahidi huyo alipatikana pia Tanzania. Mwaka 2011 chembe za hewa zilikusanywa Morogoro, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Stelyus Mkoma, wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na Kimitaka Kawamura, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido nchini Japani, walizichunguza na kutangaza habari zao mwaka 2013. Walikuta levoglukosani na ndugu yake aitwaye mannosani, wakaonyesha kwamba uchomaji wa kuni, makaa na mabaki ya mashamba una fungu kubwa katika hewa ile. Na katika jamii ya tindikali walizozipima, ile iliyoshinda nyingine kwa wingi iliitwa oksaliki.

Kwa nini twataja kusini mwa Afrika na Morogoro, hali mama yetu yuko Bel-Air? Kwa sababu pori la miombo linaloizunguka Lubumbashi laenea mpaka Zambia na Tanzania. Miti ni ya jamoja, nyasi ni za jamaa moja, na desturi ya kuchoma ni moja. Tena wakati wa kiangazi upepo wetu watoka kusini-mashariki, upande wa Kasumbalesa. Moshi hausimami mpakani kuonyesha karatasi. Wa jirani huja kwetu, na wa kwetu huenda kwa jirani mwingine.

Moshi hugeuka, hauishi

Sasa tuifikie ile sehemu ya habari ambayo hata watu waliosoma huikosea. Moshi ukisambaa hata macho yasiuone, haujafa. Jua na hewa huufanyia kazi. Zile sukari na vitu vingine vya kahawia hugeuzwa polepole kuwa tindikali ndogo. Mojawapo ni ile ya siki. Nyingine ni ile ambayo sisimizi huitumia kuchoma. Nyingine ni oksaliki tuliyoitaja, ambayo hupatikana kwa kadiri katika majani ya lengalenga tunayoyala kila siku. Sehemu ya oksaliki ya angani hutengenezwa ndani ya matone ya mawingu yenyewe, kana kwamba kila tone ni chungu kidogo cha mpishi.

Na kadiri moshi unavyozeeka, ndivyo unavyozidi kuyapenda maji. Chembe zake huvuta unyevu, huvimba, na nyingine huwa mbegu za matone ya mawingu. Mvua ikianza baada ya miezi mingi ya ukavu, huuosha anga kama mama aoshavyo sufuria, na lile bati lililokusanya vumbi la kiangazi chote huoshwa pamoja nalo.

Basi, Mama, hii ndiyo habari ya chupa yako. Lile lililozama lilikuwa vumbi la njiani na masizi. Rangi iliyobaki yatokana na mambo zaidi ya moja: majani yaliyooza juu ya bati, kutu kidogo, na ile sehemu ya moshi inayoyeyuka. Harufu uliyoisikia ndiyo iliyomtaja mmojawao kwa jina. Moshi wa Julai na Agosti uliodhani umekwenda zake, ulikuwa unakungoja juu ya nyumba.

Kifua nacho ni chombo chenye maji

Kama jambo hili lingekuwa la mabati tu, tusingelichukua muda wenu. Lakini pua, koo na mapafu ya mtu vimefunikwa ndani kwa unyevu. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni, nasi twazitema. Hizi ndogo hupita, zikafika mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko hukuta maji, na kile kiyeyukacho huyeyuka. Kifua kinafanya kama ile karatasi iliyotiwa majini, ila karatasi haiumwi.

Katika mji wa madini kama wetu kuna jambo la pili la kuangaliwa. Tindikali kama oksaliki hushikamana na madini, kama vile chuma na shaba, na kuyasaidia kuyeyuka. Madini yaliyomo katika punje ngumu ya vumbi hayana nguvu sawa na madini yaliyokwisha kuyeyuka; hayo ya pili huweza kuudhi nyama laini ya mapafu kwa upesi zaidi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi juu ya watu wa Katanga. Wale wakaao chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti na madini mengine mengi zaidi katika mkojo kuliko wale wakaao mbali, na watoto walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Vumbi la madini na moshi wa kuni, basi, si mambo mawili yasiyojuana. Hukutana angani, na hukutana tena kifuani.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza mwaka 2021 kwamba hewa, kwa wastani wa mwaka, isiwe na zaidi ya mikrogramu 5 za chembe hizi ndogo katika kila meta moja ya ujazo. Vipimo vya Kinshasa vilivyotangazwa mwaka huo huo vilionyesha wastani wa mikrogramu zaidi ya 40. Shirika hilo lakadiria pia kwamba moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kwamba zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wasiofikia miaka 5. Hesabu kubwa kama hii haishikiki kwa akili. Lakini mtoto mmoja anayekohoa usiku chumba cha pili, huyo kila mzazi anamfahamu.

Na makaa je?

Baba mmoja alipotusikia tukisema hivi alituambia: "Sisi hatupiki kwa kuni. Twapika kwa makala, nayo haina moshi." Amesema kweli nusu. Makaa, au makala kama tunavyosema huku Katanga, ni ukuni ulioacha moshi wake porini. Tanuru la udongo linapofuka siku nyingi kule msituni, ile sukari ya moshi na ile kahawia yote hutoka huko, kwa wingi kuliko kama ukuni ungewaka vizuri. Mchoma makaa na watoto wake huivuta kwanza, kisha upepo hutuletea sisi kilichobaki. Tukinunua gunia, twanunua moto bila moshi. Moshi wenyewe amepewa mtu mwingine.

Tena makaa yamebaki na hatari yake, nayo ni mbaya kwa kuwa haina rangi wala harufu. Ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Haiyeyuki kifuani kama zile chembe. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema, mpaka mtu akasinzia na asiamke. Katika baridi ya Juni na Julai watu huingiza mbabula chumbani, hufunga dirisha na kulala. Twawasihi sana: msifanye hivyo hata usiku mmoja. Moto ukionekana umekufa, makaa mekundu chini ya majivu bado yatoa gesi hiyo. Blanketi la pili lafaa kuliko mbabula chumbani.

Mwingine alisema: "Wazee wetu waliishi katika moshi wa kuni, wakafika uzee." Wako waliofika, na wako waliozikwa wakiwa watoto bila mtu kujua sababu. Tena kijiji cha moto ishirini si mji wa moto elfu mia zilizowashwa saa moja chini ya utando mmoja. Na yule asemaye kwamba moshi hufukuza mbu, tunamjibu kwamba chandarua huwazuia vizuri zaidi, wala hakimkohozi mtoto.

Ya kufanya nyumbani

Kwanza, maji. Msiyakinge maji ya mvua ya kwanza kwa kunywa. Iacheni mvua ilioshe bati vizuri. Hata baadaye, kila mvua inapoanza, mwageni yale ya mwanzo, kisha ndipo muweke chombo. Yachemsheni, lakini mjue kwamba kuchemsha huua vijidudu tu. Hakuondoi madini wala vitu vilivyoyeyuka.

Pili, mbabula iwashwe nje, mahali pa upepo, na isiingizwe ndani kabla ya kuwaka yote nyekundu; ikiingia kwa kupika tu, milango na madirisha yawe wazi. Mtoto mchanga asifungwe mgongoni mwa mama anayepuliza moto. Ampokee dada, shangazi, au baba mwenyewe. Hakuna aibu kwa baba kumbeba mtoto wake wakati ugali unapikwa.

Tatu, msiwashe makaa kwa mifuko wala chupa za plastiki. Twajua ni upesi na hakuna gharama. Lakini plastiki nayo ina alama yake: chupa zikichomwa huacha katika chembe za hewa tindikali iitwayo tereftaliki, na pamoja nayo hutoka sumu mbaya zaidi. Vipande vidogo vya ukuni mkavu vyatosha.

Nne, majani yaliyofagiwa yasichomwe. Chimbeni shimo nyuma ya nyumba, muyafukie. Baada ya mvua mbili mtakuwa na mbolea kwa lengalenga na matembele. Na mwenye shamba nje ya mji asingoje Septemba, nyasi zikiwa kavu kabisa, ndipo atie moto. Afyeke mapema, azungushe njia ya kuzuia moto, na pasipo lazima asichome kabisa.

Tano, mtoto akikohoa huku akipumua upesi upesi, au mbavu zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, msingoje dawa ya jirani. Mpelekeni kwa mganga siku ile ile.

Si kazi ya mama peke yake

Hata hivyo hatutaki mtu akunje ukurasa huu akisema kwamba kosa ni la mama mwenye mbabula. Mama hupika kwa makaa kwa sababu umeme haupo, au hukatika kabla ugali haujaiva. Takataka huchomwa kwa sababu gari la kuzizoa halipiti. Mchoma makaa hukata miombo kwa sababu watoto wake wanataka kula. Mwenye kiwanda ana uwezo wa kuweka vichujio katika mabomba yake ya moshi, na wenye kutawala mji wana uwezo wa kumdai afanye hivyo, na wa kuipima hewa ya mitaa ili kila mtu ajue avutacho. Mama wa Bel-Air hana uwezo huo. Ana mbabula yake tu, na ameitunza kwa kadiri awezavyo. Ni haki wale wenye uwezo mkubwa waulizwe kwanza.

Lakini kuuliza si kungoja. Mtaa wenye nyumba ishirini zilizokubaliana kutochoma majani utaona tofauti jioni ile ile, kwa kuwa moshi wa karibu ndio unaoingia dirishani kwanza.

Chupa ya yule mama ingali mezani petu tunapoandika. Baada ya mvua ya nne alituletea nyingine, iliyokingwa chini ya bati lile lile, baada ya kumwaga ya mwanzo. Tuliziweka mbili kwa pamoja mbele ya dirisha. Ya pili ilikuwa nyeupe, mtu angeweza kusoma gazeti kwa kupitia ndani yake. Yule mama alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe hewa inaoshwa." Ndiyo, Mama, inaoshwa, na miezi mingi ya mwaka mvua inatufanyia kazi hiyo bure. Lakini toka Mei mpaka Oktoba hakuna wa kuiosha. Miezi hiyo, hewa ya Bel-Air itakuwa vile tutakavyoiacha sisi wenyewe.